Kigogota wa Mawimbi Mafupi

Maneno ya mazungumzo juu ya mlio wa siri uliosumbua redio za dunia, na jinsi ulivyotafutwa mpaka ukajulikana

Mtu aliyepata kusikiliza redio ya mawimbi mafupi wakati wa usiku ajua kwamba hewani hakuna ukimya. Akizungusha polepole kifundo cha kutafutia stesheni, atasikia muziki wa nchi asiyoijua, kisha hotuba katika lugha asiyoifahamu, kisha alama za Morse, kisha mkwaruzo mtupu kama wa mafuta yanayochemka kikaangoni. Watu wengi wa Afrika ya Mashariki walizipata habari za dunia kwa njia hiyo. Idhaa ya Kiswahili ya BBC, mathalani, ilianza kutangaza kutoka London tarehe 27 Juni, 1957, na sauti yake iliruka juu ya milima na majangwa mpaka ikafika katika vijiji visivyo na waya wa simu wala gazeti.

Mazungumzo haya yahusu sauti moja ambayo haikuwa muziki, wala hotuba, wala alama za Morse. Ilikuwa ya nani? Ilitoka wapi? Na kwa nini haikutulia mahali pamoja? Maswali hayo matatu yaliwasumbua watu kwa muda wa miaka 13, tangu 1976 hata 1989. Jinsi yalivyojibiwa ni jambo lifaalo kujulikana na kila mtu, hata yule asiye na redio nyumbani mwake.

MLIO WAANZA

Katika mwezi wa Julai, 1976, wasikilizaji wa Ulaya, Amerika na sehemu nyingine za dunia walianza kusikia mlio wa kugonga: ta-ta-ta-ta-ta, mara 10 katika kila sekunde, bila kupumzika. Ulifanana na mlio wa ndege aitwaye kigogota, apigapo mti mkavu kwa mdomo wake akitafuta wadudu. Kwa kuwa watu walishuku kwamba watoka katika Urusi ya Kisovieti, wakaupa jina la Kigogota wa Urusi.

Nguvu za mlio huo zilikuwa za ajabu. Stesheni kubwa za kutangaza habari kwa mawimbi mafupi zilitumia nguvu za wati laki moja au laki chache. Nguvu za Kigogota zilikadiriwa na baadhi ya wataalamu kuwa zafikia wati milioni 10. Basi haukuwa mnong'ono wa kutafutwa kwa sikio kali. Ulikuwa kama ngoma ipigwayo ndani ya chumba ambamo watu wanazungumza.

Lakini taabu kubwa haikuwa nguvu zake, bali kuhamahama kwake. Kama mlio ungekaa mahali pamoja, watu wangeuepuka, kama vile mtu ahamavyo kiti kilicho karibu na mlango unaobamizwa na upepo. Kigogota hakukaa. Saa hii husikika katika mawimbi ya mita 31, halafu hunyamaza ghafula na kuzuka katika mita 25, na baadaye katika mita 19. Eneo lake lilikuwa pana mno: kati ya megahezi 7 na 19 hivi, ambayo ni sawa na mawimbi ya mita 43 hadi mita 16. Hiyo ni sehemu kubwa ya mawimbi mafupi ambayo mataifa yote hugawana.

Wala jambo hili halikuwa usumbufu wa wapenda muziki tu. Katika miaka ile ndege zilizovuka bahari kuu zilitegemea mawimbi mafupi kuzungumza na watu wa nchi kavu, na meli kadhalika. Nahodha aliyepatwa na tufani, au rubani aliyetaka kujua hali ya hewa mbele yake, alihitaji njia iliyo wazi. Malalamiko yalitoka nchi nyingi, nayo yalipelekwa mpaka Geneva, katika Uswisi, kilipo kituo kikuu cha shirika la mataifa lishughulikalo na mambo ya simu na redio. Mlio haukukoma, na Urusi haikueleza waziwazi kwamba ni kitu gani.

UVUMI WAJAZA NAFASI

Mahali palipokosa habari, uvumi hujenga nyumba. Watu wengine walisema kwamba mlio huo ulikusudiwa kubadili hali ya hewa, kuleta ukame huku na mafuriko kule. Wengine walisema kwamba ni silaha ya kutawala akili za watu kwa mbali. Uvumi huu wa pili ulipata nguvu kwa sababu ya ile hesabu ya mara 10 katika sekunde, maana waganga wa hospitali wajua kwamba ubongo wa binadamu aliyetulia hutoa mitetemo midogo ya umeme yenye mwendo kama huo. Watu waliona namba mbili zinalingana, wakaamua kwamba pana ujamaa kati yake. Lakini mapigo ya moyo na hatua za mtu atembeaye vyaweza kulingana kwa hesabu, na bado moyo si mguu.

Wahenga walisema kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ni kweli kwamba pale palikuwa na kitu. Walakini methali hiyo haisemi kwamba kitu kilichopo ni kile kile kinachosemwa. Kazi ya kukijua kitu chenyewe ni nyingine, na kazi hiyo ilifanywa na watu wenye subira.

WATAFUTAJI NA VYOMBO VYAO

Katika nchi nyingi kuna watu waitwao wapenzi wa redio. Hawa si watumishi wa stesheni. Mmoja huwa mwalimu, mwingine mkulima, mwingine karani au fundi. Kila mmoja amefanya mtihani na kupewa leseni na serikali yake, naye hutumia redio yake ndogo nyumbani kuzungumza na wenziwe wa nchi za mbali. Watu hawa waliudhiwa sana na Kigogota, kwa kuwa mazungumzo yao yalikatwa kila mara. Ndio waliokuwa wa kwanza kumfuatilia, pamoja na mafundi wa serikali na wa mashirika ya utangazaji.

Chombo cha kwanza cha mtafutaji kilikuwa daftari. Ndani yake aliandika tarehe, saa, mahali mlio uliposikika katika mawimbi, ukubwa wa sauti, na saa ulipohama. Ukurasa mmoja wa daftari hauonyeshi neno. Kurasa za miezi 6 zikiwekwa pamoja huanza kusema. Haba na haba hujaza kibaba.

Chombo cha pili kilikuwa eriali ya kugeuzwa. Eriali ya namna hii huwekwa juu ya mlingoti, nayo ina fito za madini zilizopangwa kama mbavu za samaki. Mwenyewe huizungusha kama mtu ageuzavyo uso kutafuta aliyemwita. Upande ambao sauti yaja kwa nguvu zaidi, huko ndiko itokako. Kisha hutazama dira na kuandika upande ule.

Lakini kidole kimoja hakivunji chawa. Mtu mmoja mwenye eriali moja hupata mstari tu, na mstari waweza kupita juu ya miji mia. Hapana budi mtu wa pili, aliye katika nchi nyingine, naye apime na kuchora mstari wake. Pale mistari miwili ikatanapo, ndipo mahali pa kushukiwa. Mtu wa tatu akipima na mstari wake ukipita hapo hapo, shaka hupungua. Wa nne na wa tano wakikubaliana nao, jambo limekaribia kuthibitika.

Kuna mitego mitatu katika kazi hii, na mtafutaji mwema aliijua yote. Mtego wa kwanza ni ramani ya karatasi. Dunia ni mviringo, na wimbi la redio hufuata njia fupi juu ya mviringo huo. Mtu akitazama ramani iliyotundikwa ukutani hudhani kwamba Tokyo iko mashariki moja kwa moja ya London. Achukue tufe la dunia na kukaza uzi toka mji mmoja hata wa pili: ataona kwamba uzi waelekea kaskazini kwanza, karibu na nchi za barafu, ndipo ushuke. Kwa hiyo mistari hupimwa juu ya tufe, si juu ya karatasi.

Mtego wa pili ni kwamba wimbi lenye nguvu laweza kuizunguka dunia na kumfikia msikilizaji kwa mgongoni, hata akadhani kwamba limetoka upande usio wake.

Mtego wa tatu ulikuwa wa Kigogota mwenyewe: hakuwa peke yake. Kama ilivyokuja kujulikana, palikuwa na mtambo mmoja katika Ukraine, ambayo wakati ule ilikuwa sehemu ya Urusi ya Kisovieti, na mwingine katika mashariki ya mbali, karibu na mji wa Komsomolsk-na-Amur. Mtu aliyepima leo mtambo huu, na kesho mtambo ule, angeweza kudhani kwamba mnyama mmoja ameruka maelfu ya kilomita kwa usiku mmoja. Lakini aliyeandika saa na siku kwa uangalifu aliweza kuzitenganisha nyayo hizi na zile.

KWA NINI ULIHAMAHAMA

Sasa lipo swali la tatu, nalo ndilo lenye mafunzo zaidi. Watu wengi walidhani kwamba mlio wahama kwa ujanja, kama mwizi abadilishaye njia ili asifuatwe. Wapenzi wa redio wengine walifika hata kuupigia kelele wao wenyewe, wakituma alama za Morse au milio kama ya Kigogota mahali pale pale uliposikika, nao walisimulia kwamba mara nyingine ulihama baada ya kupigiwa. Wakafurahi, wakisema, "Tumemfukuza!"

Inawezekana kwamba mara nyingine mtambo ulikwepa kelele. Lakini mwenye daftari hujiuliza swali moja dogo: je, siku ambazo hakuna aliyeupigia kelele, haukuhama? Jogoo huwika, na jua likachomoza, wala jogoo siye aliyelitoa jua. Kurasa za daftari huonyesha kwamba kuhama kwa sauti za mawimbi mafupi kuna sababu kubwa kuliko kelele za mtu, na sababu hiyo iko juu mbinguni.

Bwana Marconi alitangaza kwamba tarehe 12 Desemba, 1901, alipokea katika Newfoundland alama ya redio iliyotumwa toka Cornwall, Uingereza, ng'ambo ya bahari ya Atlantic. Watu wa elimu walistaajabu, kwani mawimbi hayo huenda moja kwa moja kama mwanga, na dunia imejipinda kati ya nchi hizo mbili. Mwaka 1902 Bwana Heaviside wa Uingereza na Bwana Kennelly wa Amerika, kila mmoja kwa nafasi yake, walieleza kwamba juu sana pana tabaka la hewa lenye umeme, nalo hurudisha mawimbi chini kama ukuta urudishavyo mpira. Mwaka 1924 Bwana Appleton alithibitisha kwa vipimo kwamba tabaka hilo lipo, na mwaka 1947 alipewa tuzo ya Nobel.

Tabaka hilo hufanywa na jua. Mchana jua lapolichoma kwa nguvu, hurudisha vizuri mawimbi yaliyo mafupi zaidi, kama ya mita 16 au 19. Usiku linapopungukiwa na nguvu, mawimbi hayo hulipenya na kupotea angani, na mtu hana budi kutumia yaliyo marefu kidogo, kama ya mita 31 au 41. Hubadilika pia kwa majira ya mwaka, na kwa madoa ya jua ambayo huongezeka na kupungua katika mzunguko wa miaka 11 hivi. Ndiyo maana stesheni za kutangaza huwaambia wasikilizaji wao watafute mita hizi asubuhi na mita zile jioni.

Basi Kigogota alihamahama kwa sababu hiyo hiyo. Yeye alitaka kufika mbali, na ili afike mbali ilimpasa kuifuata mbingu kama mvuvi afuatavyo maji kujaa na kupwa. Yule aliyedhaniwa kuwa mwizi alikuwa mtumwa wa jua. Na kule kuhama, ambako kulionekana kuwa ni kuficha siri, kuliisaidia kuifichua. Sauti inayochagua mawimbi kwa kulifuata jua ni sauti inayotaka kuvuka masafa makubwa, na inayopiga kwa mapigo yaliyo sawasawa yaelekea kuwa yangoja mwangwi wake urudi. Chombo kitumacho pigo na kungoja mwangwi huitwa rada.

UKWELI WENYEWE

Ndivyo ilivyokuwa. Mtambo ule uliitwa Duga, neno la Kirusi lenye maana ya tao. Rada za kawaida huona mpaka upeo wa macho tu, kwa sababu ya mviringo wa dunia. Duga ilirusha mawimbi yake juu, yakarudishwa na lile tabaka la hewa, yakaanguka katika nchi zilizo mbali maelfu ya kilomita. Kusudi lake lilikuwa kutambua makombora ya Amerika yenye silaha za atomiki mara yatakaporushwa. Kombora la namna hiyo huruka toka bara moja hata lingine kwa muda wa nusu saa hivi, na watawala wa Urusi walitaka kujua mapema.

Eriali kubwa za kupokea mwangwi zilijengwa katika msitu, kilomita 10 hivi toka kiwanda cha umeme wa atomiki cha Chernobyl. Zilisimama kama ukuta wa chuma, iliyo kubwa ikiwa na kimo cha mita 150 hivi. Mashini za kutuma zilikuwa mahali pengine, huko Liubech, yapata kilomita 60, ili kelele za mtumaji zisimzibe masikio msikilizaji. Tarehe 26 Aprili, 1986, kiwanda cha Chernobyl kilipasuka na sumu yake ikaenea katika nchi ile. Katika Desemba, 1989, Kigogota alinyamaza, wala hakusikika tena. Mwaka 1991 Urusi ya Kisovieti ilivunjika, na minara ile ikabaki katika Ukraine, ndani ya eneo lililokatazwa watu kukaa. Katika miaka iliyofuata wageni waliruhusiwa kwenda kuitazama.

Hapakuwa na mashini ya kutawala akili, wala ya kuzuia mvua. Palikuwa na jambo lililo la kutisha zaidi: mataifa mawili makubwa yaliyoogopana, kila moja likisikiliza usiku na mchana ili lijue kama mwenziwe ameanza vita.

Hatari ya kusikiliza vibaya ilionekana tarehe 26 Septemba, 1983. Usiku huo chombo kingine cha Urusi cha kuonya, kilichotumia setilaiti, kilitoa habari kwamba Amerika imerusha kombora, na kisha mengine manne. Luteni Kanali Stanislav Petrov ndiye aliyekuwa katika zamu. Alijiuliza kwa nini mtu aanzaye vita kuu atume makombora matano tu, na alipoona kwamba rada za nchi kavu hazionyeshi kitu, akawaarifu wakubwa wake kwamba chombo kimekosea. Baadaye ilijulikana kwamba mwanga wa jua juu ya mawingu ulikidanganya chombo kile. Petrov hakukubali ushahidi wa shahidi mmoja, naye alifanya kama wafanyavyo watafutaji wa redio, ambao hawachukui mstari mmoja kuwa ni mahali.

MAFUNZO YAKE

Mabibi na Mabwana, si kila mtu atakayekutana na mlio wa siri katika redio yake. Lakini kila mtu hukutana na habari zisizo na mwenyewe: sokoni, katika basi, kisimani, na siku hizi hata katika simu ya mkononi. Habari hizo nazo huhamahama. Leo zimesemwa na fulani, kesho na mwingine, na kila zikihama huongezeka nguvu. Kuzikataa bila kuzichungua si hekima, maana huenda pana kitu kweli. Kuzipokea zote ni hatari zaidi, maana kitu kilichopo chaweza kuwa mbali kabisa na kile kinachosemwa.

Njia iliyo bora ni ile ya wapenzi wa redio. Andika saa na siku. Uliza sauti yatoka upande gani. Mtafute mtu wa pili aliye mahali pengine, ambaye hakuambiwa nawe, nawe utazame kama mistari yenu yakutana. Kabla ya kusema kwamba kelele yako ndiyo iliyomfukuza mnyama, tazama kama hahami pia siku uliyonyamaza. Kazi hii haitaki mali nyingi. Karani, mkulima na mwalimu waliifanya kwa daftari, dira na uzi juu ya tufe, wakaelekeza kidole mahali ambapo serikali yenye nguvu haikutaka pajulikane.